Ndege Iliyoletwa Kuyeyushwa

Karakana yetu iko nyuma ya soko, Kashaulili, upande wa mashine za kukoboa. Mume wangu anayeyusha na kumimina sufuria, mimi nasugua na kuuza. Tumeyeyusha kila kitu ambacho watu wa Mpanda wamekichoka: bloku za injini za pikipiki, fremu za madirisha, madishi ya televisheni, sufuria za zamani zilizotoboka matako. Siku walipotuletea ndege nilidhani dereva amekosea njia.

Ilikuja juu ya lori, katikati ya kiangazi, ikiwa imefungwa kamba kama ng'ombe wa kuuzwa. Haikuwa na mabawa wala injini. Puani palikuwa na shimo tu, na waya zikining'inia. Lakini mkia ulikuwepo mzima, milango miwili ilikuwepo, na ndani kulikuwa na nafasi za watu wanne: viti viwili vya mbele, na cha nyuma kirefu cha kukaa watu wawili. Aliyetuuzia alisema aliipata kwa mtu aliyeitumia kama kibanda cha ndama. Huyo naye aliitoa wapi, hakujua. Tukaishusha kwa magogo, tukaiweka uani karibu na lundo la mkaa.

Kesho yake alikuja mzee mmoja fundi, jirani wa soko, ambaye siku hizi anatengeneza jenereta na pampu za maji. Zamani alikuwa fundi wa ndege. Aliizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Mnajua mnacho nini hapa?" akauliza.

"Skrepa," mume wangu akajibu.

"Hii ni Sesna, mia moja sabini na mbili. Duniani hakuna ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko hii. Si zile kubwa za abiria, si za vita. Ni hii hii ndogo. Ukitazama juu ukaona kindege bawa lake limepita juu ya paa, na gurudumu dogo mbele, sema ni hii, mara nyingi hutakosea." Akagonga mlango kwa kidole. "Mimi nimezifungua na kuzifunga mpaka nimesahau idadi. Zote ni sawa. Ukikaa ndani ya moja umekaa ndani ya zote."

Mume wangu alikuwa na oda ya sufuria za shule, zilizohitaji bloku za injini, kwa hiyo ndege ikasubiri.

Siku ya tatu au ya nne, saa saba mchana, yeye alikuwa ameenda msikitini na mimi nilikuwa peke yangu uani. Jua lilikuwa kali, upepo wa kiangazi ukivuma kwa vipindi. Nilipita kando ya ndege kufuata ndoo. Ndani, mbele ya viti viwili vya mbele, kuna usukani kila upande, umekaa kama pembe za ng'ombe. Nikaziona zote mbili zinarudi nyuma, taratibu, kuelekea kwenye viti, kama zinavutwa na watu wawili waliokaa wima. Zikakaa hapo kidogo. Kisha zikasogea mbele, pamoja, taratibu vilevile.

Nilitoka uani nikakaa barazani kwa muuza mkaa mpaka mume wangu aliporudi.

Hakunicheka. Alikwenda nyuma ya mkia, akainua kwa mkono ule ubao wa bati ulio mlalo, na mle ndani usukani ukarudi nyuma wenyewe. "Kuna nyaya zinatoka hapa mpaka mbele," akasema. "Upepo ukiinua huku, kule kunavuta. Na pembe zote mbili zimeungana, ukigusa moja umegusa zote." Nikaelewa. Hata hivyo nilimwomba aufunge mkia, naye akaufunga kwa mpira wa tyubu, mizunguko mitatu, na usukani ukatulia.

Wiki hiyohiyo, siku ya soko, akaja mama mmoja kutoka Kasokola aliyekuwa na kawaida ya kuleta karanga. Nilimfahamu kwa sura tu. Ni katika wale wazee wetu waliotoka Burundi wakiwa watoto, wakapewa uraia, na ukimsikiliza Kiswahili chake unasikia Kirundi kimekaa chini yake. Alisimama kwenye uzio wa mabati, beseni la karanga kichwani. Alisimama sana. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema, lakini hakuwa ananitazama mimi. "Hii ndege mmeitoa wapi?"

Nikamweleza.

"Hii ilimchukua kaka yangu."

Alinisimulia hapohapo, beseni likiwa bado kichwani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, wakiishi kwenye makazi ya wakimbizi. Kaka yake aliumwa tumbo, likavimba. Ikaja ndege ndogo ya wamisheni, ikatua kwenye nyasi, wakamlaza kiti cha nyuma, magoti yamekunjwa kwa sababu alikuwa mrefu. Mlango ukafungwa. Yeye alikimbia nyuma yake mpaka ilipopanda. Baba yao aliuliza kwa wamisheni, akauliza kwa wakubwa wa makazi, kila mmoja akamtuma kwa mwingine. Hawakuletewa maiti wala barua.

"Niache nikae kidogo," akasema.

Ningemkataliaje? Akashusha beseni, akavua kandambili, akaingia, akakaa kiti cha nyuma.

Baadaye nilimwuliza mzee fundi kama inawezekana. Alitikisa kichwa. Wamisheni, alisema, mara nyingi walitumia ile kubwa kidogo, yenye mlango mpana wa kuingizia mgonjwa. Kwa mbali mtoto hawezi kuzitofautisha. "Na hata kama ilikuwa ya namna hii, shemeji, kwa nini iwe hii? Ziko maelfu kwa maelfu."

Lakini kila siku ya soko mama alikuja. Akishauza karanga anaingia ndani ya ndege, anafunga mlango, anakaa. Mume wangu alikuwa ameshamaliza oda ya shule, ila hakuigusa ndege. Alisema mkaa hautoshi. Lundo la mkaa lilikuwa refu kunipita.

Siku moja, adhuhuri tena, nilikuwa nasugua sufuria kwa mchanga, hatua tano hivi kutoka kwenye ndege. Kioo cha mlango kilikuwa wazi. Mama alikuwa anaongea Kirundi, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwuliza mwenzake habari za safari. Kisha akanyamaza. Kisha akasema, "Ego." Neno hilo nalijua, ni ndiyo. Akanyamaza tena, kwa muda wa mtu kumaliza sentensi ndefu. "Ego," akasema, na akacheka kidogo.

Mikono yangu ilisimama. Ndani ya ndege alikuwa peke yake, namwona, uso ameuelekeza kwenye nafasi ya pili ya kile kiti.

Akachungulia dirishani. "Mwanangu," akaniita, "anauliza kwa nini mmefunga mkia."

Mpira ulikuwa unaonekana na kila aliyepita uani. Angeweza kuuona mwenyewe mara mia. Nilijiambia hivyo na bado najiambia. Jioni nilimweleza mume wangu. Alichukua kisu akaukata ule mpira.

Baada ya hapo nilianza kuogopa kitu ambacho sikuweza kukitaja. Alipokuja mzee mmoja wa Sitalike kununua sufuria ya pombe, mstaafu wa kazi za hifadhi, aliiona ndege akafurahi kama ameona rafiki. Akatuambia alikaa ndani yake siku nyingi, wakihesabu nyati na tembo kutoka angani, yeye akitazama kushoto na mwenzake kulia. "Ni hii hii," akasema. Akanionyesha palipobonyea chini ya mlango wa kulia. "Hapa jiwe liliruka tukitua."

Ni palepale ambapo mama wa Kasokola alikuwa amenionyesha. Yeye alisema ni teke la kaka yake, alipokuwa anaingizwa kwa maumivu.

Mume wangu akamwita mzee fundi. Alitaka jambo liishe. "Kila ndege ina herufi zake ubavuni," fundi akasema. "Zimepakwa rangi juu, lakini zipo." Akaja na msasa na maji, akakaa kwenye kigoda asubuhi nzima akisugua. Ilikuwa siku ya soko, na mama alikuwa amesimama nyuma yake.

Chini ya rangi nyeupe kukatokea tisa na U. Fundi akaitazama. "Hii ni ya Burundi," akasema. Akaendelea kusugua hapohapo. Chini ya zile kukatokea nyingine, zimefifia: tano na H. "Na hizi ni za kwetu. Ina maana ilianza hapa, ikauzwa kule, halafu ikarudi kwa njia wanazozijua wenyewe."

Mama alikaa chini, juu ya mchanga wetu wa kuumbia sufuria.

"Basi alifika nyumbani," akasema.

Fundi alinitazama, nami nikamtazama. Ndege kuuzwa baada ya miaka si kumpeleka mgonjwa. Na herufi hazikusema lolote juu ya mtu yeyote. Fundi akamwaga maji, akakusanya msasa wake.

Mama mwenyewe ndiye aliyetuambia tuikate. Alisema sasa hakuna tena sababu ya kuiweka juani. Aliomba kiti cha nyuma peke yake, na mume wangu akakifungua boliti zote kwa mkono, hakutumia tindo, akampakilia kwenye bajaji ya mizigo mpaka Kasokola.

Kuyeyusha kulitushinda nguvu. Bati la ndege ni jembamba, linaungua na kuwa majivu kabla ya kuyeyuka, na kile kilichoyeyuka kilipomiminwa kilipasuka kikipoa. Sufuria za kwanza zilitoka na nyufa kama matope ya kiangazi. Ukizigonga hazilii. Mume wangu alisema madini yake yana shaba ndani, hayataki umbo la sufuria. Ikabidi achanganye kidogo kidogo na bloku za injini, miezi kadhaa, mpaka ikaisha. Sasa zimesambaa, zinapikiwa ugali sijui nyumba ngapi.

Mama aliacha kuja sokoni. Masika yalipoanza nikapanda bodaboda kwenda kumjulia hali. Nilimkuta mzima, amenenepa kidogo. Akanikaribisha ndani. Kiti cha ndege kilikuwa sebuleni, kimewekewa kitambaa cha kufuma, kimeelekezwa mlangoni. Nilikuwa naelekea kukaa.

"Hapo pana mtu, mwanangu," akasema kwa upole. "Kaa huku."

Nikakaa kwenye kigoda. Tuliongea juu ya mvua, mahindi na bei ya mbolea. Akapika ugali na maharage ya mawese, akapakua sahani tatu. Mbili akaziweka mezani. Ya tatu aliifunika kwa sahani nyingine na kuiweka juu ya kiti. Tulikula. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo juu ya bati, na mara mbili au tatu, katikati ya maneno yangu, aligeuza uso kule na kungoja, kisha akanirudia kana kwamba mimi ndiye niliyemkatiza mtu.

Tulipomaliza akakusanya vyombo. Akaifunua ile ya tatu. Sikutaka kutazama, lakini nilitazama. Ugali ulikuwa umemegwa upande mmoja.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka alivyoupakua. Huenda ulikatika kwenye mwiko. Huenda aliuweka hivyohivyo. Nilikuwa naangalia chakula changu.

Alinisindikiza mpaka barabarani, kanga kichwani kwa sababu ya mvua. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshawasha.

"Msalimie mumeo," akasema. "Na huyu kaka yangu naye anawasalimu."

"Haya, mama," nikasema. "Na yeye msalimie."

Tulikuwa tumefika karibu na mjini nilipotambua nilichojibu. Nilijibu kama mtu anavyojibu salamu yoyote, bila kufikiri, na sikuona sababu ya kurudi kuyafuta maneno yangu.