Mume Wangu Aliniacha Niombe Msamaha kwa Injini Ambayo Sikuiua

Admin, ficha jina langu tafadhali. Mawifi wangu wote wanafuata page hii, na wakinijua nimekwisha. Naandika nikiwa na hasira.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, muuguzi, tunaishi mtaa wa Nyanchwa na mume wangu na binti yetu. Nitamwita mume wangu Baba Kemunto, si jina lake. Gari letu dogo nililinunua mimi kwa mkopo wa kazini. Nilizaliwa Magwagwa, na Tata, yaani baba yangu, alikuwa dereva wa lori la majani chai. Yeye ndiye alinifundisha kumwaga oil ya gari na kubadilisha filta. Nilipopata gari langu sikuona sababu ya kulipeleka gereji kwa kazi ninayoijua. Huwa naliwasha lipate joto kidogo, nazima, naliinua kwa jeki na kuliegemeza kwa stendi, naweka beseni chini, nafungua bolti ya kumwagia oil. Filta mpya naipaka oil kwa raba yake, naikaza kwa mkono. Nikimaliza kujaza oil, naliwasha tena na kuchungulia chini kama kuna tone. Gari halijawahi kunisumbua.

Aliyesumbuka ni Baba Kemunto. Majirani walikuwa wakipita langoni wanamtania, "Mzee, bibi yako yuko chini ya gari, wewe unasonga ugali?" Alikuwa anacheka nao, kisha akiingia ndani ananuna. Siku moja aliniambia, "Mama Kemunto, unanivua nguo mbele ya watu." Nikamwambia alale yeye chini ya gari basi, mimi nisonge ugali.

Mwezi uliopita nilibadilisha oil na filta kama kawaida, kwa sababu alitaka kumchukua mama yake Ogembo ampeleke harusi Nyamira. Akaondoka na gari asubuhi. Mchana akanipigia simu anapiga kelele, "Umeniua! Gari limezima kwa mlima, injini imenoki, imekufa kabisa!" Mama mkwe, na kitenge chake kipya cha harusi, alimalizia safari kwa bodaboda kwenye mvua. Gari likavutwa mpaka nyumbani.

Tuliitwa kwao Ogembo. Mashemeji walikuwepo, mawifi walikuwepo. Mama mkwe hakunisalimia. Alisema, "Gari si sufuria. Huyu alitaka kuniulia mtoto barabarani ndio ajulikane ni mwanaume." Shemeji mmoja akasema nilisahau kukaza bolti. Nikamgeukia mume wangu aseme neno moja tu la kunitetea. Aliangalia viatu vyake.

Jamani, niliamini. Nilijiuliza usiku na mchana kama kweli nilisahau. Nikiwa wodini nachoma mgonjwa sindano, mawazo yako kwa bolti. Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe, nikaomba msamaha nikilia, na Baba Kemunto akanishika bega akasema, "Amejifunza." Amejifunza!

Juzi nikiwa off, roho ilikataa. Niliingia chini ya hilo gari. Bolti ilikuwa imekaza vizuri kabisa. Lakini oil ilikuwa imetapakaa upande wa filta, na hiyo filta ilikuwa ya bluu. Mimi niliweka nyeupe! Nikaifungua. Kwa injini kulikuwa kumenata raba ya filta niliyoweka mimi, na hii ya bluu ilikuwa imefungwa juu yake na raba yake. Raba mbili haziwezi kushika. Injini ikipata joto, oil yote inatokea hapo. Mtu alibadilisha kazi yangu na hata hakupangusa mahali filta inakaa.

Baba Kemunto alipoingia nilikuwa nimeiweka hiyo filta mezani.

"Hii ni ya nani?"

"Sijui. Si wewe ndiye fundi?"

"Baba Kemunto, nitauliza kila gereji hapa mjini."

Akakaa. Akasema alipitia kwa rafiki yake mwenye gereji asubuhi ile ya harusi, akamwambia amwage kila kitu aweke upya. "Ulitaka niseme nini kwetu wakiniuliza nani amefanyia gari servisi? Niseme ni bibi yangu?"

"Kwa hivyo ulijua siku ile napiga magoti?"

"Nilishuku."

"Na ukanyamaza?"

"Tayari walikuwa wameamini ni wewe. Kungebadilisha nini?"

Hivyo ndivyo alivyonijibu mtu niliyezaa naye.

Sasa ndugu zake wamechanga injini nyingine. Jana walilivuta gari likafungwe injini hiyo, Jumapili wanalirudisha hapa Nyanchwa, na mama mkwe atakuja kuliombea na kumkabidhi mwanawe funguo mbele ya wote. Masharti ni kwamba mimi nisiguse tena chochote chini ya boneti. Gari langu! Baba Kemunto ananibembeleza ninyamaze siku hiyo, eti baadaye atanirudishia funguo polepole. Anasema nikifungua mdomo nitakuwa nimemzika akiwa hai mbele ya mama yake. Dada yangu naye anasema nyumba hujengwa na mwanamke mvumilivu. Lakini jana binti yangu aliniuliza, "Mama, ni kweli uliharibu gari?"

Wanapage, mnisaidie mawazo kabla ya Jumapili. Niwapikie, nitabasamu, nimeze hii aibu isiyo yangu? Au niweke hiyo filta katikati ya meza na kuku, nimwambie mama mkwe amuulize mwanawe? Na tafadhali, asiniambie mtu nimwombee. Nilishapiga magoti ya kutosha.