Siku Mama Mkwe Alipoiombea Stauti

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa katikati ya miaka ya tisini, wakati wa mvua ndefu, nami nikatoka hospitali na mtoto mwenye sauti kubwa na matiti yasiyo na haraka. Maziwa yalikuja tone kwa tone. Tulikuwa tunaishi Amalemba, hapa mjini Kakamega, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo mfereji wake ulikuwa nje na ulitumiwa na wapangaji wote wa ploti, kwa hiyo kila aliyekwenda kuteka maji alisikia mwanangu akilalamika, na wengi walinipa ushauri bila kuombwa.

Siku ya tatu mama mkwe akafika kutoka Malinya. Alikuja na kuku wawili wenye hasira, unga wa wimbi, na mzigo wa mboga ya mrenda ambao ungetosha harusi. Alikuwa amewazalisha wanawake wa kijiji chao kwa miaka mingi, na pia alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao, kanisa ambalo mshirika hakuruhusiwa kugusa pombe hata kwa kidole. Yeye mwenyewe alikuwa mkali kuliko kanisa. Uji ukilala siku mbili aliunusa, akaumwaga nyuma ya nyumba, akasema umeanza kuwaza mambo mengine.

Mume wangu alimwogopa. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini, anayeongoza wageni katika msitu upande wa Buyangu, na nimewahi kumwona akimwondoa nyoka njiani kwa fimbo bila kukatiza mazungumzo yake. Lakini mama yake akikohoa chumba cha pili, alikuwa anaketi wima.

Mwaka huo alikuwa akimsindikiza mtafiti mmoja Mwingereza, mwanamke aliyehesabu vipepeo. Mama yake mtafiti huyo akaja kumtembelea kwa majuma mawili. Aliposikia kwamba kiongozi wa binti yake amepata mtoto, alisema lazima amwone, maana na yeye alikuwa mkunga kabla ya kustaafu. Binti akabaki na vipepeo wake. Jumamosi saa nne asubuhi mume wangu akaingia na mama mrefu, mwembamba, mwenye viatu vya kupandia mlima na mfuko wa plastiki aliokuwa ameukumbatia kama anayeogopa kuuangusha.

Hawakuhitaji mkalimani mwanzoni. Mgeni alinawa mikono, akamfunua mtoto, akakitazama kitovu. Mama mkwe akainama upande wa pili, akakitazama pia. Mgeni akambonyeza mtoto shavu kwa kidole, mtoto akageuza mdomo kutafuta. Mama mkwe akaguna kwa kuridhika. Mgeni akaguna vilevile. Nikajua nimepata wakubwa wawili badala ya mmoja.

Ndipo mgeni akafungua ule mfuko. Ndani mlikuwa na mikebe minne, kila mmoja umeviringishwa katika soksi ya sufu ili usigongane na mwenzake njiani. Akaeleza kwa Kiingereza chake cha kaskazini, polepole, kwamba katika mji wao, enzi za ujana wake, mwanamke aliyejifungua alipewa bilauri ya stauti ya maziwa kila siku ili maziwa yaje. Ni stauti nyepesi sana, akasema, haimleweshi mtu. Mkunga naye alikuwa anapewa bilauri yake, ili mzazi asinywe peke yake.

Stauti ni bia, bia nyeusi. Nilikuwa nafundisha Kiingereza darasa la saba na nililisikia kila neno. Mume wangu pia alilisikia. Akamgeukia mama yake.

"Mama, anasema haya ni maziwa ya kwao. Ni meusi kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kama kahawa."

"Ng'ombe wao wanakulanga nini?"

Mume wangu akafikiri. "Huko ni baridi sana, mama," akasema.

Jibu hilo lilimtosha kuliko nilivyotarajia. Ningeweza kusema ukweli hapo hapo, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Nilikuwa nimechoka, hilo ni kweli. Lakini pia nilikuwa nimenyweshwa supu ya mrenda asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu, mama mkwe akisimama mbele yangu hadi bakuli likauke, na moyoni nilitaka kumwona mtu mwingine akinywa kitu cha ajabu kwa ajili ya heshima.

Mgeni akavuta kishikio cha mkebe wa kwanza. Ukapiga chafya. Akamimina katika vikombe vyetu vya bati: kidogo sana kwangu, kingi kwa mama mkwe, kingi kwake. Kinywaji kilikuwa cheusi kama oili iliyotumika, na juu yake likapanda povu la rangi ya udongo.

"Yanachemka bila moto," mama mkwe akasema. Kisha akatuambia tufumbe macho.

Aliomba kwa Kiidakho, na hakuwa mtu wa maombi mafupi. Alimshukuru Mungu kwa mgeni na kwa ndege iliyomleta bila kuanguka. Aliombea ng'ombe wa Uingereza, mikono iliyowakamua, na nyasi zao huko kwenye baridi. Akaomba kwamba maziwa haya yaite maziwa yangu kama vile kisima kinavyoita kisima. Nilifungua jicho moja nikamwona mume wangu amefumba macho kwa nguvu kama mtu anayengoja sindano.

Mimi nilipiga mafunda mawili tu. Nilitarajia uchungu wa bia, nikakosa. Kwanza ilikuja ladha ya kahawa iliyosahaulika jikoni, halafu kitu kama ukoko wa obusuma, ugali wa kwetu, ile sehemu inayobaki sufuriani na watoto wanaigombania. Mwishoni ukabaki utamu mdogo kwenye ulimi, mzito, kama wa maziwa ya unga.

Mama mkwe alikunywa kama mtu anavyokunywa maziwa, yaani kinywa kizima. Akafunga mdomo. Akatazama kalenda ukutani kwa muda mrefu, ingawa mwezi ule haukuwa na chochote cha kutazama. Akapiga funda la pili, dogo. Akapiga la tatu, akalizungusha mdomoni.

"Hii kitu imekaangwa," akasema.

Akakinusa kikombe.

"Wamechukua kimea, wamekikaanga mpaka kikawa nyeusi. Mimi najua. Mimi nilikuwanga nakaanga." Akaweka kikombe juu ya goti. "Baba yangu alikuwa anapika pombe ya busaa. Watu walikuwa wanatoka mpaka ng'ambo ya mto kuja kwetu. Mimi ndiye nilikuwa nageuza unga kwa bati, moshi yote inaingia kwa macho, mpaka nikaokoka nikaacha."

Mume wangu alikuwa amesahau hofu yake kwa mshangao. "Lakini mimi niliambiwa babu alikuwa fundi wa mapipa."

"Na mapipa yalikuwa ya nini?"

Kisha mama mkwe akanigeukia mimi. "Mwalimu, chukua huo mkebe. Soma."

Aliponiita mwalimu badala ya mwanangu, nilijua mchezo umekwisha. Nikasoma kila kitu kama ninavyowasomea wanafunzi imla. Ni bia. Ina maji, kimea, sukari itokanayo na maziwa, na hamira. Nguvu yake ni asilimia mbili nukta nane.

"Na maziwa yenyewe yako wapi?"

Nikamuuliza mgeni, akaeleza, nikafasiri. Ndani yake wanatia sukari inayotolewa kwenye maziwa. Hamira haiwezi kuila sukari hiyo, ndiyo maana utamu unabaki.

"Hamira ya kwao inachaguanga chakula," mama mkwe akasema. Kisha uso wake ukaanza kubadilika. "Lakini nimeiombea. Nimeombea mpaka ng'ombe."

Mgeni alikuwa ameona nyuso zetu, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote: kanisa, cheo cha mama mkwe, na tafsiri ya mume wangu. Akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akaweka kikombe chini, akaweka mkono kifuani, akaomba radhi kwa maneno mengi ambayo hata mtu asiyejua Kiingereza angeyaelewa. Halafu akaniomba nifasiri jambo moja zaidi. Mama yake mzazi, akasema, alikuwa mtu wa kanisa sana, aliyetia sahihi tangu ujana kwamba hatagusa pombe maisha yake yote. Na alikunywa stauti ya maziwa kila Jumapili jioni hadi kufa kwake, kwa sababu aliambiwa ni dawa ya damu.

Mama mkwe alisikiliza kwa makini. "Nani alimwambia hivyo?"

"Mimi," mgeni akasema.

Nilidhani hapo ndipo tutafukuzwa sote. Badala yake mama mkwe alicheka. Alianza kwa mabega, kikombe kikatikisika, akalazimika kukishika kwa mikono miwili. Mgeni naye akaanza, kwanza kwa woga, kisha kwa machozi. Mtoto aliamka akalia na hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.

Mume wangu alijaribu kucheka nao. Mama yake akaacha mara moja.

"Huyu alimdanganya mama yake ili apate nguvu. Wewe ulinidanganya ili usigombezwe." Akafikiri. "Utafua nepi za mtoto mpaka siku nitarudi nyumbani. Na utafulia kwa mfereji."

Kisha, kwa kuwa chakula kilichoombewa hakimwagwi, alikimaliza kikombe chake. Alikimaliza polepole, na sikuona dalili yoyote ya mateso.

Alikaa majuma mawili. Kila asubuhi kabla ya kwenda Buyangu mume wangu alitoka na karai, akachuchumaa kwenye mfereji wa ploti, akafua nepi mbele ya wanawake wa nyumba zote. Miaka hiyo, Amalemba, hilo lilikuwa jambo la kuitiana. Siku ya pili walikuja wa ploti jirani pia. Mmoja alimfundisha namna ya kutoa madoa kwa limau na jua, na kusema kweli alipata ustadi ambao mimi sijaufikia mpaka leo.

Ile mikebe mitatu iliyobaki aliambiwa aiondoe nyumbani. Aliipeleka kazini, wakagawana na wenzake wawili chini ya mti wakati wa chakula cha mchana. Wakakaa kusubiri kulewa. Walisubiri sana, aliniambia, kila mmoja akiwauliza wenzake kama wanahisi chochote, mpaka mvua ikaanza, wakarudi kazini. Mmoja wao alisema kinywaji hicho kinafaa wagonjwa.

Maziwa yangu yalikuja juma lile lile, mengi hata nguo zikalowa. Mgeni aliamini ni yale mafunda mawili ya stauti. Mama mkwe aliamini ni mrenda na supu ya kuku. Muuguzi wa kliniki alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni mtoto aliyejifunza kunyonya vizuri, na kwamba anayenyonyesha asinywe bia ya rangi yoyote ile.

Mama mkwe aliporudi Malinya, Jumapili ya kwanza alisimama kanisani akaungama. Hakuna aliyemlazimisha wala aliyekuwa amesikia habari. Alisema amekunywa pombe ya Uingereza bila kujua, na kwamba baada ya kujua aliendelea kidogo. Pasta alidhani mambo yameishia hapo, lakini mama mmoja akainua mkono kuuliza ilikuwa na ladha gani. Mama mkwe akaeleza. Mwingine akauliza kama povu linaliwa. Mwingine akataka kujua kama ni kweli inaleta maziwa, kwa sababu binti yake alikuwa anajifungua mwezi ujao. Maswali yalikuwa marefu kuliko mahubiri, na wazee wakaona hapana budi wamwondoe katika uenyekiti kwa miezi mitatu.

Nilipopata habari hiyo nilisafiri na mtoto kwenda kumwomba msamaha, maana ningesema neno moja tu asubuhi ile hayo yote yasingetokea. Nilimkuta anapepeta maharagwe uani. Nikapiga magoti, nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani.

"Inuka, mwanangu, utachafua mtoto," akasema.

Akanieleza kwamba kwa miaka kumi na minne alikuwa amekaa kiti cha mbele, karibu na pasta, mahali ambapo mtu hawezi hata kujikuna. Sasa alikuwa anakaa benchi la nyuma kabisa, kati ya wanawake wanaochelewa. Huko nyuma watu wanaongeanga, akasema. Ndani ya Jumapili tano alikuwa amejua fahali wa nani analishwa nini kabla ya kwenda uwanjani kupiganishwa, na binti wa nani amekataa mchumba wa nani, na kwa sababu gani. Miezi mitatu ilipokwisha wazee walimfuata nyumbani kumrudishia kiti chake. Aliwapikia chai, akawasikiliza, akawaambia kwamba dhambi yake bado inamsumbua kidogo, wamwongezee mwezi mmoja.