Swali la Mzee Usumani

Mimi nina kinyaa, na nitakieleza chote. Anayetaka kuziba pua na azibe.

Ninaitwa Athanasie. Nilikulia Bujumbura, nikarudi Kigali na cherehani moja na mtoto mmoja, Gaju. Miaka kumi na moja sasa nashona kwa mzee Usumani, hapa Gikondo, nyuma ya magereji. Babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, akaoa hapa, akabaki hapa. Usumani mwenyewe ana miaka sitini na tisa, na tangu ajue kushika sindano hajavaa vazi lililoshonwa na mtu mwingine. Mteja akiingia na shati lenye kola iliyopinda, mzee humwambia, "Vua, hilo linakutukana," halafu anamnyooshea bure. Sisi wanawake wanne wa karakana tulimcheka, lakini tulikuwa tunajivunia.

Tulikuwa na mteja mmoja wa maana, mwenye duka katika nchi kubwa ng'ambo. Sitaitaja, inajijua. Kila miezi mitatu alichukua mashati yetu ya kitenge, nayo yalikuwa yanaingia kwao bila ushuru. Kisha serikali yetu ikapandisha ushuru wa caguwa, ile mitumba inayotoka kwao, ili watu wavae kinachoshonwa hapa. Yoo! Nchi ile ikanuna. Nchi ambayo kwenye ramani haina mwisho, na sisi unatufunika kwa kidole kimoja, imenuna kwa sababu tumekataa chupi zao kuukuu! Wakasema kama hamtaki zetu, basi na zenu zilipe mlangoni. Mteja akaandika kwamba kwa bei hiyo hawezi tena. Mashati mia mbili yakabaki yamekunjwa mezani, na mzee akatuambia bila kuzunguka kwamba ana uwezo wa kutulipa miezi miwili tu, baada ya hapo atafunga.

Ndipo akaja Liliane, dada wa hapa hapa anayefanya kazi kwenye ofisi ya ile nchi kubwa hapa mjini. Alisema mgeni mkubwa kutoka kwao anakuja kuzungumza na serikali, na atapita kuona mafundi, na karakana iliyochaguliwa ni yetu. Mzee alifurahi kama mtoto wa Idi.

"Nitamuuliza swali moja tu," alisema. "Shati la Gikondo limeikosea nini nchi yake? Haya mia mbili yaingie kama zamani. Sitaki kingine."

Wiki nzima alilirudia akikata vitambaa, mpaka na sisi tukalijua kwa moyo.

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu wetu hata hajafika, na tayari tunaugua. Asubuhi ya siku yenyewe Liliane aliingia na wanaume wawili wamebeba robota la mitumba. Ni zawadi, alisema, na kuna mradi, mafundi watafundishwa kupunguza na kurekebisha caguwa. Kumfundisha mzee Usumani kupunguza suruali! Akaamuru cherehani zetu za umeme zifichwe nyuma ya pazia, zibaki mbili za kukanyaga, eti picha iwe na maana. Halafu akachomoa koti.

Jamani, lile koti. Kola inang'aa kwa mafuta ya shingo ya mtu, kwapa zina ramani ya njano, na harufu ni jasho la zamani lililomwagiwa dawa ya mende. Mzee aliingiza mkono mfukoni, akatoka na leso iliyokauka kwa kamasi, ngumu kama gamba. Aliitupa, akaenda kunawa.

"Mgeni atafurahi akikukuta umelivaa," Liliane alisema. "Na mambo ya ushuru usiyaguse, mzee. Ukiyaleta, mradi utakwenda kwa wengine."

"Silivai. Na swali langu nitauliza."

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilimvuta mpaka kwenye meza ya pasi.

"Mzee wangu, vaa. Ni nusu saa tu. Swali lako litapikwa liliwe? Gaju anamaliza shule mwaka huu. Mwenye nguvu mpishe!"

Alinitazama. "Ni wewe unayesema hivyo, Mama Gaju?"

"Ni mimi."

Akalivaa. Mikono ilimfika kwenye ncha za vidole, mabega yakamwanguka. Mgeni akaingia ananukia vizuri sana, akamshika mkono, Liliane akatafsiri, "Anasema linakupendeza. Anasema nchi zetu mbili ni marafiki." Picha zikapigwa, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Mzee akaulizwa kama ana neno. Alifungua mdomo, akanitafuta kwa macho. Nilimtikisia kichwa.

"Asante," mzee alisema.

Wakati wa kutoka, mgeni alisimama kwenye meza ya mashati, akageuza moja, akatazama mishono kwa ndani, akauliza kitu. Liliane alimjibu kwa kifupi, wakaenda zao.

Mradi tuliupata. Marobota yanashushwa kila wiki, tunapasua makoti ya watu tusiowajua, na mishahara inatoka. Mzee alinikabidhi ufunguo wa karakana, akajibebea mashati yake mwenyewe, hajarudi. Siku Liliane alipoleta karatasi za kusaini, nilimuuliza mgeni alisema nini pale mezani. Alicheka. "Aliuliza nguo nzuri hivi tunazinunua wapi. Nikamwambia sokoni."

Nilitamani kumtemea mate, halafu nikakumbuka nani alitikisa kichwa.

Jumapili nilikwenda Kabeza, nyumbani kwa mzee, nikamweleza yote, maana kukaa nalo kulinishinda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe alikuwa anauliza," alisema. "Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale."

"Nisamehe, mzee. Wale watu ni wachafu."

"Yule mgeni sina neno naye, hanijui. Wewe unanijua, Mama Gaju."

Mkewe alileta chai, nikainywa, nikaaga, kwa sababu kesho yake robota lilikuwa linakuja mapema.