Matembezi ya kumuaga Mama Riziki: tulivyopitiliza kituo na kujikuta Alexandra

Wakuu, habari za jioni. Kaeni mkao wa kusoma, hiki ninachoandika nilikiona kwa macho yangu na wenzangu watatu wako hai, mtu akibisha nitawaita.

Ilikuwa 2018, mwezi wa kumi. Wanaoishi Joburg wanaujua mwezi huo. Mijakaranda inachanua mji mzima, barabara zinageuka zambarau, unakanyaga maua kama uko ndotoni.

Tulikuwa tunaishi Bellevue, nyumba moja ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Mimi wa Tanga. Juma, fundi cherehani, Mzanzibari. Ilunga wa Lubumbashi, mlinzi. Na Mama Riziki, msusi, mtu wa Bukavu.

Mama Riziki alikuwa anaondoka Jumanne. Anarudi kwao moja kwa moja, tiketi ya basi keshakata.

Tena alishagawa vitu. Juma alipewa heater, Ilunga kioo, mimi sufuria lake kubwa ambalo yeye huliita marmite.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ndugu yangu, nimechoka kunyamaza."

Hapa nifafanue kwa wasioishi huku.

Kwenye taxi za hapa (ni kama hiace zetu) kupanda si kazi. Unanyoosha kidole juu, maana yake unaenda town. Husemi neno.

Kushuka ndiyo shughuli. Konda hakuna. Lazima upaze sauti, "After robot!", yaani nishushe baada ya taa. Na ukipaza sauti, gari zima linajua wewe si wa hapa.

Mama Riziki alikuwa anakaa Alexandra wakati wa zile vurugu za 2008 za kuwafukuza wageni. Alitoka kule na kitenge alichojifunga, basi. Tangu siku hiyo hakuwahi kuita kituo. Alikuwa anasubiri abiria mwingine ashuke, naye anashuka hapohapo, kisha anatembea.

Sisi wengine tulimcheka, lakini ukweli ni kwamba tulikuwa tunafanya vilevile.

Basi tukasema, hawezi kuondoka bila kuuona mji. Jumapili tutembee. Asubuhi bustani ya vilima kule Houghton, mchana tutafute chakula cha wenyeji, jioni muziki Yeoville.

Tukapanda taxi inayopita Louis Botha. Dirisha wazi, jua laini, maua yanadondoka hadi ndani ya gari. Nikaona bustani inakuja.

Nikamsubiri Ilunga aite, yeye ndiye anajua Kizulu kidogo. Ilunga akamsubiri Juma, mwenye mdomo kuliko wote. Juma ananiangalia mimi.

Bustani ikapita.

Kila mtu akawa anaangalia nje kama mtalii. Robot ya kwanza ikapita, ya pili, na nyingine. Hakuna aliyefungua mdomo. Watu wazima wanne!

Gari likasimama mwisho wa safari. Dereva akageuka, "Eish, mlikuwa mmelala wote?"

Tulikuwa Alexandra.

Wakuu, niliogopa kumtazama Mama Riziki. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Ilunga akamwambia taratibu, "Mama, baki ndani. Gari inarudi sasa hivi."

Akavuta pumzi. Kulikuwa na moshi wa nyama unaingia dirishani, na redio mahali fulani inapiga nyimbo za kanisani. Mabati yalikuwa yanang'aa mpaka unafumba macho.

Kisha akashuka. Wa kwanza.

Akatembea mbele yetu mpaka kwa mama mmoja anayeuza chakula kando ya barabara. Juma akaninong'oneza, "We, huyu anakwenda wapi?"

Yule muuzaji akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa Kizulu tunatoka wapi.

Swali lenyewe ndilo hilo. Mimi nilianza kukagua viatu vyangu.

Mama Riziki akajibu, "Ngangihlala lapha." Nilikuwa nakaa hapa. Kizulu kimenyooka! Tumeishi naye miaka, hatukujua.

Muuzaji akauliza, mtaa gani? Akamtajia. Yule mama akacheka, "Kule? Matope yapo mpaka leo!" Akachota mchuzi, akaongeza.

Ni hivyo tu. Hakuna aliyetukimbiza, na hakuna aliyetukumbatia. Nyuma yetu watu wanataka kuhudumiwa, tukaambiwa tusogee.

Mama Riziki na Ilunga walikula pap, ndiyo ugali wa huku, na mogodu, yaani utumbo. Mimi na Juma, kwa kuwa hatukujua nyama imechinjwaje, tukala pap na chakalaka, mboga za pilipili. Pilipili yake ilimtoa Juma machozi. Mama Riziki akamwambia, "Lia tu, bwana Unguja, huku hakuna wa kukuona."

Kurudi, tukapanda tena. Nikajiapiza safari hii naita mimi.

Kabla sijafungua mdomo nikasikia nyuma yangu:

"AFTER ROBOT!"

Kwa lafudhi ya Bukavu tupu.

Gari likasimama. Hakuna aliyegeuza shingo.

Bustani sasa. Mawe, miti mirefu, maji yanasikika chini ya majani. Mitini wametundika bundi wa chuma, Juma akapita mbali kabisa akisoma dua. Tukapanda mpaka juu, ule mnara wa Hillbrow unaonekana kama mshumaa juu ya zambarau yote ile. Mama Riziki alikaa kwenye jiwe muda mrefu akiimba kwa sauti, nyimbo za kwaya ya kwao. Hatukumkatiza.

Jua linazama tukawa Yeoville, samaki wa kuchoma, rumba ya Kikongo. Mama Riziki alicheza peku, viatu mkononi. Ilunga akasema mguu wa Bukavu haujui kucheza. Akajibu, "Wewe simama, nikufundishe."

Jumanne asubuhi niliamka kumsindikiza. Mlango ukagongwa. Mama Riziki, kavaa aproni ya saluni.

"Ndugu yangu, ile marmite yangu... unaitumia?"

Nikampa. Ilikuwa na maharage yangu, akaondoka nayo pamoja na maharage.

Nilichojifunza wakuu: kuificha sauti yangu kulikuwa kunanilinda kidogo kuliko nilivyodhani, na kunigharimu zaidi. Sisemi hatari haipo, ipo. Nasema siku hizi naita kituo changu.

Heater mpaka leo Juma hajarudisha. Mliowahi kupitilizwa kituo kwa kuogopa kusema, jukwaa lenu hili, na nyie mtuambie mlifikia wapi.