Mechi ya Saa Sita Mchana

Mimi ni mtu wa kelele, na sihitaji pole ya mtu. Miaka kumi na minne nilifundisha timu ya mpira ya chuo cha ualimu hapa Ifakara, na vijana wangu walikuwa wakisema sauti yangu inafika Kiberege kabla ya basi. Nilianza kwa bahati tu. Kocha aliyekuwepo alihama, mkuu wa chuo akauliza kikaoni nani ataishika timu, walimu wanaume wote wakainamia meza, nikanyoosha mkono. Mmoja akacheka, "Mwanamke na mpira wa wavulana, wapi na wapi?" Tulipochukua kombe la vyuo, huyo huyo ndiye wa kwanza kuomba kupiga nalo picha. Nilimruhusu.

Chuo hakikuwa na uwanja. Mazoezi yote tulifanyia kwenye uwanja wa mjini karibu na soko, wenye kichuguu nyuma ya goli la kaskazini na majani yanayokata miguu. Pale nilitukana, nikaomba radhi, nikabebwa juu juu na watu wazima. Basi nilipoteuliwa kuwa afisa michezo wa wilaya, nikanunua viatu vya ofisini vyenye kisigino na kuketi kwenye kiti kinachozunguka, barua ya kwanza niliyoifungua nusura initoe roho. Kamati ya ardhi ilitaka kujenga fremu za maduka kwenye uwanja ule. Vigingi vyekundu vya wapima vilikuwa vimeshapigwa kuuzunguka.

Nilipanda ngazi mbili mbili hadi kwa mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mpole, mpenda kula.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Najua kilichokuleta. Uwanja ule hauchezewi siku hizi."

"Unachezewa!"

"Basi tutakuja Jumamosi mbili. Tukikuta mpira, uwanja ni wenu. Tukikuta mbuzi, tunajenga."

Nilitoka nacheka moyoni. Mpira? Mimi? Nilipanga ligi siku ile ile, timu sita, kila Jumamosi saa kumi jioni kama nchi nzima inavyocheza. Nikapiga mhuri, na kamati ikajibu kwa barua kwamba itakuja saa hiyo hiyo.

Jumamosi ya kwanza, saa kumi, tulikuwepo mimi, refa, na mbuzi kumi na mmoja. Kamati ikafika. Mwenyekiti akawahesabu mbuzi kwa kidole, taratibu, halafu akaniuliza, "Hawa ni wenyeji au wageni?" Wajumbe walicheka hadi mmoja akashika gari. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku tuliyofungwa saba.

Hasira zikanipandisha bodaboda kesho yake, barabara ya kwenda kijiji cha Mbingu, kumtafuta golikipa wa chuo ambaye pia ndiye nahodha. Nilimkuta katikati ya mpunga, juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kukalia walinzi wa shamba, na kombeo mkononi. Nilifungua mdomo nimpasue. Mama yake akaniwahi kutoka chini.

"Kocha, kabla hujagomba, tazama mpunga wangu."

Nikatazama. Punje zilikuwa zimeanza kujaa maziwa. Na huo ndio wakati kwelea kwelea wanapovamia bonde zima, na kila mwenye mikono anakwenda kuamia, kufukuza ndege. Wachezaji wangu wote, wa timu zote sita, walikuwa juu ya madungu. Mimi niliyekulia juu ya dungu la mama yangu, niliyepiga debe hadi viganja vikatoka malengelenge, nilikuwa nimepanga ligi msimu wa ndege!

"Ofisi imekulewesha," yule mama akasema, akicheka waziwazi. "Haya niambie, ndege wanakula saa ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Na saa sita jua likiwaka?"

Nikajipiga paji la uso. Saa sita ndege wanajificha kivulini, na walinzi nao wanashuka kula. Wanarudi juu saa tisa. Nilimkumbatia yule mama, matope na yote.

Refa alinipigia simu akilia, "Kocha, saa sita mchana? Utatuua!" Nikamwambia tutasimama kunywa maji kila robo saa, na kama anaogopa jua, avae kofia. Timu zikakubali. Aliyekataa ni mwenyekiti. "Barua yetu inasema saa kumi," alisema. "Saa sita ni saa ya chakula." Saa kumi, wakati wachezaji wote watakuwa wamerudi kwa ndege wao!

Lakini kocha anamjua mpinzani wake. Nilijua anakula wapi kila Jumamosi, na nilimjua yule mama lishe. Nikamwomba siku hiyo ahamishie masufuria yake uwanjani.

Jumamosi ya pili, chuo dhidi ya Kiberege, watu walimiminika. Baiskeli, bodaboda, lori moja limejaa mashabiki kutoka Kiberege, wote na madebe yao ya kufukuzia ndege. Walipoanza kuyapiga, hata mimi sikusikia sauti yangu. Mcheza kwao hutunzwa, na vijana walicheza kama waliofunguliwa kamba. Dakika ya ishirini nikamwona mwenyekiti kwa mbali, anakuja na wajumbe wake, anafuata harufu ya wali wake kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Nikamkabidhi sahani mwenyewe. Alikula amesimama. Kiberege walipofunga, kijiko kilimruka mkononi akapiga kelele, "Gooo!"

Chuo changu kilifungwa moja bila. Nilicheza ngoma. Sijawahi kucheza ngoma kwa kufungwa, na sijui kama nitacheza tena.

Kabla ya saa tisa watu wote walikuwa wameondoka. Mwenyekiti hakuondoka. Alikaa hadi saa kumi kamili, kama barua yake ilivyosema, akaenda katikati ya uwanja na mpima ardhi. Mbuzi walikuwa wamesharudi.

Akawatazama mbuzi. Akatazama majani yaliyolala, nyayo za matope, debe moja lililosahauliwa langoni.

"Mwalimu," akasema, "nimezaliwa bonde hili, nami nilisahau ndege." Akamgeukia mpima. "Ng'oa vigingi."

"Aka, mzee, niachie mimi!" nilisema. Nikavua viatu vya ofisini, nikang'oa vigingi mwenyewe kimoja kimoja kuuzunguka uwanja wote, nikilia bila aibu, na mbuzi wakinitazama.