Niliporekodi Mbolea Nikanasa Mursik

Sitawaficha, marafiki: mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi wa kanisa pale Chepilat mimi huangalia chini kama mtu aliyeangusha ufunguo, na mkitaka kucheka chekeni tu, maana nimeshachekwa na ukumbi mzima.

Mimi ni karani wa chama kidogo cha ushirika cha wakulima wa chai, na kwa tabia ni mtu wa ushahidi. Nikitumiwa ujumbe, napiga skrinshoti. Kompyuta ikikataa jambo, napiga skrinshoti kwanza, kulalamika baadaye. Kwa hivyo mwenyekiti aliposema wakulima wafundishwe kuagiza mbolea kwa mtandao, kila mtu ofisini aligeuka kunitazama. Nilianza vizuri, picha moja ya skrini kwa kila hatua, lakini nikiwa katikati nikachoka, nikajiambia, Kerubo, kwa nini ujitese hivi, si urekodi skrini yote mara moja na uweke sauti yako juu yake, kama wale walimu wa mtandaoni? Uamuzi mdogo tu.

Sasa lazima mjue kilichokuwa kichwani mwangu wiki hiyo. Jumamosi nilikuwa nikingojewa nyumbani kwa kina Kiprono, mchumba wangu, huko ndani ya Sotik, nitambulishwe kwa wazee wao. Mimi ni Mkisii niliyezaliwa Kericho, baba alichuma chai katika shamba kubwa, na Wakipsigis nimeishi nao tangu utotoni. Lakini mursik (yale maziwa yao yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa mpaka yakawa machachu na kugeuka rangi ya kijivu) nilionja mara moja tu nikiwa mdogo, na tumbo langu halijasahau. Na msichana akimiminiwa mursik na mama wa mvulana, hakuna cha kusema asante nimeshiba. Ukikataa kikombe, umekataa boma.

Basi nikarekodi somo langu kwa sauti ya redio ("Mpendwa mkulima, sasa bonyeza hapa"), nikamaliza, nikabonyeza alama ya kusimamisha. Yaani, niliyodhani ni ya kusimamisha. Kumbe nilibonyeza ya kukificha kile kidirisha cha kurekodi, kikajikunja chini kabisa na kuendelea na kazi yake kimya kama mpelelezi. Papo hapo dada yangu Moraa akapiga simu, nikaiweka kwenye spika, na mikono kwa kuwa haina adabu ikarudi kwenye kompyuta. Baadaye nilipotaka kuizima, kompyuta iliniuliza kama nihifadhi video. Nilishangaa kidogo, nikasema ndiyo. Nikatazama mwanzo wake, nikaona ni safi, nikaridhika. (Mtu wa ushahidi, eti.)

Siku ya mafunzo ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni. Mstari wa mbele aliketi mama yake Kiprono, kiongozi wa kikundi cha akina mama, leso mabegani. Hatukuwa tumewahi kuzungumza zaidi ya salamu, lakini siku hiyo aliitikia kwa kichwa, nami nikajiona nimeshaolewa. Nikaunganisha projekta, nikaanzisha video, nikatoka nje kuangalia kama chai ya wageni imechemka.

Nikiwa hapo kwenye sufuria nilisikia watu wakicheka. Nikajua kuna shida, kwa sababu mbolea haijawahi kumchekesha mkulima.

Nilipofika mlangoni, ukutani maneno yalikuwa yakijiandika yenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia mtandaoni, herufi kubwa kama vifuniko vya sufuria: jinsi ya kunywa mursik bila kutapika. Mzee mmoja alikuwa akiwasomea walioacha miwani nyumbani. Yakafutika, yakaja mengine: mursik ikikataa kushuka ufanye nini. Tena: dalili za mama mkwe mkali.

"Hiyo ya mwisho nisomee tena!" mama mmoja akapiga kelele.

Na sauti ya Moraa kwenye spika kubwa za kanisa: "Ziba pua, meza kama dawa ya minyoo!"

"Na akiniongeza?" (Huyo ni mimi, na ile sauti ya redio imepotea kabisa.)

"Akiinua kibuyu tena, funga macho uanze kuomba. Nani atakatiza maombi?"

Nilipita katikati ya mabenchi nikisema samahani mzee, samahani mama, nikamkanyaga mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani, na nilipoifikia kompyuta mkono mwingine ukatangulia wangu na kutua juu yake. Wa mama yake Kiprono.

"Wacha," akasema. "Tuliitwa kufundishwa."

"Ndio, wacha iende," yule mzee akaongeza. "Nataka kujua kama alipata jibu!"

Basi nikasimama hapo kama mshtakiwa, na video ikaendelea, na mimi wa kwenye spika nikashusha sauti. "Moraa, usicheke. Nikitapika mbele ya huyo mama, nimekwisha. Kiprono hawezi kubishana na mama yake, na mimi sitamlaumu. Nataka anipende, na hata hanijui."

Yule mzee aliyekuwa akisoma akaketi. Video ikafika mwisho.

"Imeisha?" mama yake Kiprono akauliza.

"Imeisha, Mama."

"Jibu ulipata?"

"Hapana, Mama."

Akavuta leso yake mabegani. "Jumamosi kuja na njaa."

Sikujua kama ni mwaliko au ni hukumu, na Kiprono nilipomuuliza alisema hata yeye hajui.

Jumamosi nilikuta wazee wote wameshapata habari, na kila jicho lilikuwa kwenye koo langu. Mama alileta kibuyu, akakitikisa, akanimiminia kikombe mpaka katikati, akaniinamia sikioni: "Pole pole. Na usizibe pua, hao wanangojea hiyo." Nikanywa. Machozi yalinitoka, moshi ukapanda mpaka masikioni, lakini tumbo likakaa. Mzee mmoja akaita, "Muongeze!" na Mama akamgeukia: "Muongeze wewe, kama umemzaa." Akachukua kikombe mkononi mwangu. "Kerubo, kuja tupike jikoni. Hapa sebuleni ni pa wageni."

Tumeoana sasa, na wakulima wa Chepilat bado hawajui kuagiza mbolea, wananiambia walielewa vizuri mpaka pale mursik ilipoingia. Nami nimeapa, skrini sirekodi tena. Anayetaka somo nitampigia picha moja moja hata zijaze ukuta, kwa sababu picha ikishanasa jambo lake hunyamaza, lakini video haina adabu hiyo.