Kitambaa cha Bibi Mguuni

Juzi nilikuja Kasongo kununua mnyororo wa baiskeli, na bila kukusudia nikapita penye uwanja wetu wa zamani. Wameulima. Pamba ya serikali imesimama kwa mistari hadi pale yalipokuwa magoli yetu ya mianzi, na mwanamke aliyekuwa akipalilia akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Lakini nilikaa kando ya barabara muda mrefu kuliko mtu asiyepoteza kitu.

Wewe unanijua, mimi ni mtu wa wasiwasi. Hata utotoni nilikuwa hivyo. Tulitoka Kabambare, mimi na bibi, tukahamia Kasongo ili nisome shule ya misheni, na katika mtaa ule hatukuwa na ndugu. Nikisema Kibangubangu changu watoto walicheka, kwa hiyo nilizungumza kwa miguu. Nilikuwa na mbio. Mpira wetu tulikuwa tumeutengeneza kwa utomvu wa mti wa mpira, mzito, wenye kuruka ovyo kama mwana-mbuzi, na mimi niliweza kuukimbiza pembeni hadi wote wakabaki nyuma. Hapo ndipo nilipopata marafiki. Sikuwa na mahali pengine.

Msimu mmoja wa mvua nilikanyaga shimo uwanjani, kifundo cha mguu kikateguka na kuvimba. Bibi alinikalisha ndani mpaka uvimbe ukashuka, akinikanda kwa mawese ya vuguvugu huku sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikichemka na moshi wa kuni ukituchoma macho. Aliponiruhusu kurudi mchezoni alikuwa na masharti. Alikuwa ametwanga mpunga tangu usichana wake, na alisema mtwangaji mwenye akili haanzi kwa nguvu. Mapigo ya kwanza ni ya kuamsha mikono. Basi kila jioni aliniamsha miguu. Nilizunguka nyumba polepole, kisha haraka, nikachuchumaa na kuinuka, nikazungusha vifundo huku nimeshika ukuta. Mwishowe alinifunga kitambaa alichokirarua kutoka kikwembe chake cha zamani cha kujifunga kiunoni, akikikaza vizuri kuzunguka kile kifundo.

“Muguu yenye iliteguka mara moja,” alisema, “imekwisha kujua njia ya kuteguka tena.”

Nikirudi hakuniruhusu kukaa papo hapo. Nilitembea uani hadi pumzi itulie, ndipo akanipa maji. Niliyafuata yote bila kupunguza hata moja, kwa maana jambo la nusu hunikosesha usingizi hadi leo. Na sikuumia tena.

Ubaya ulitoka mahali ambapo bibi hakupawaza. Siku zile mtoto aliyebatizwa hakufunga kitu mwilini. Wazazi wetu walikuwa wametupa hirizi zao mbele ya padri, hivyo chochote kilichofungwa mkononi au mguuni kiliitwa dawa, na hakikuwa na jina lingine. Wenzangu walikuwa wakikitazama kile kitambaa kwa pembe ya jicho. Kisha tukacheza na watoto wa mtaa wa sokoni. Niliingiza goli, nikaingiza lingine, nao wakasimamisha mchezo.

“Ile kitambaa iko dawa,” akasema mmoja.

“Kumbe yeye hachezi,” akajibu mwingine. “Kitambaa ndiyo inacheza, yeye anaibeba tu.”

Walicheka wote, hata wa timu yangu. Mwalimu wetu alikuwa akipita, wakamwita. Aliinama, akakigusa, akasema ni kikwembe tu, na kwamba mguu uliowahi kuumia hufungwa hivyo. Alipoondoka wakasema mwalimu hajui mambo ya watu wa Kabambare. Kapiteni wetu, ambaye nilimpenda kama kaka, akanivuta kando.

“Ndugu yangu, toa tu,” akasema kwa upole. “Ukiitoa, tunacheza. Ukikatala, watasema sisi wote tuko na dawa.”

Nilichuchumaa nikashika fundo. Walikuwa wamenizunguka, wananingoja, na nilitaka sana kubaki mwenzao. Lakini nilikumbuka lile shimo, na maji ya bibi, ambayo mguu wangu ukiumia tena hakuna mwingine wa kumchotea. Zaidi ya yote, nakuambia kweli, niliogopa maumivu. Nikainuka bila kulifungua.

“Chezeni,” nikasema. “Mimi nitangoja.”

Nilidhani wataniita. Walicheza hadi jua likazama, wakaenda zao wakiimba. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Baadaye nikawa nakimbia peke yangu kwenye barabara ya Kabambare. Bibi akiniona narudi na jasho alifurahi, akauliza tumeshinda? Nilimjibu tumeshinda.

Sasa bibi ametutoka, na kapiteni nasikia yuko kwenye migodi ya dhahabu upande wa Salamabila. Bado sijui kama siku ile nilikuwa na akili au woga tu. Miguu yangu ni mizima. Naweza kuendesha baiskeli hadi Kabambare, na kesho yake nikaamka kulima. Ila njia nzima ninasikia pumzi yangu tu, na tangu utoto ule hakuna aliyenipigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja: lete, lete hapa.